Canva ya Bure kwa Bango la A3: Tunaipa Nyota 4 kati ya 5

Mwenye banda la maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, anaweza kutengeneza bango zuri kwa toleo la bure la Canva, programu ya kubuni mabango na kadi, tena kwa simu tu. Nyota moja tumeinyima kwa sababu ya violezo vyake, yaani miundo iliyokwisha kupangwa. Kwenye kioo cha simu vinavutia, lakini mita 3 mbele ya banda vingi havisomeki.

Anza kwa kuweka kipimo cha A3 mwenyewe: sentimita 29.7 kwa 42. Kubadili ukubwa baadaye kwa kubofya ni huduma ya kulipia, na kazi ya A2, karatasi yenye eneo mara mbili ya A3, ikibanwa kwenye A3, herufi za pointi 36 hutoka kama za 25.

Kichwa kipe ukubwa wa herufi wa pointi 100. Herufi kubwa hufikia kimo cha milimita 25 hivi, na mtu wa mita 3 huisoma bila kukaza macho. Tarehe, mahali na namba ya simu, pointi 48. Maelezo mengine 30, na kisichoenea hata kwa 24 kifute. Violezo vingi vimepangiwa vichwa vya maneno mawili mafupi. Ukibandika "Tunapenda kuwatangazia wananchi wote kuwa", kichwa kinashuka mistari minne, nawe unaanza kupunguza herufi ili kienee. Punguza maneno! "MBEGU ZA ALIZETI" inatosha kabisa.

Chagua fonti (aina ya herufi) ya Montserrat au Open Sans, iliyo nene. Fonti za mwandiko wa mkono waachie wenye kadi za harusi. Maandishi juu ya picha ya shamba hupotea kwa kuwa picha ina sehemu za mwanga na za giza. Yawekee kwa nyuma kisanduku cha rangi moja iliyokolea, herufi ziwe nyeupe.

Pakua PDF ya kuchapa, uitume steshenari kwa WhatsApp kama dokumenti, maana ikienda kama picha inabanwa na kingo za herufi zinafifia. Toleo la bure hutoa rangi za RGB, yaani za kioo na si za wino, hivyo kijani cha kung'aa kitatoka kimepooza kwenye karatasi. Tumia kijani kibichi kilichokolea.

Kabla ya kulipia nakala zote, chapa moja ya A4, ibandike ukutani na usimame mita 2. Usiposoma hapo, A3 haitasomeka mita 3.

Karatasi ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba) huchanika pembeni kwa upepo wa Agosti. Omba gramu 150 au zaidi, na lamineshi (utando wa plastiki) isiyong'aa, kwa sababu ile ya kung'aa hurudisha jua la Dodoma machoni mwa msomaji.