Haipoksia au kuhema kupita kiasi: utajuaje ukiwa angani?

Wanafunzi wengi wa urubani wanachanganya hizi mbili na siwalaumu, kizunguzungu kipo huku na huku, macho yanafifia huku na huku, afu zote zinakuharibia maamuzi.

Haipoksia ni oksijeni haifiki mwilini vya kutosha. Ubaya wake inakuja kimyakimya, tena unaweza kujisikia poa kabisa, unachekacheka tu huku kucha na midomo vinageuka bluu. Ukiwa futi 25,000 bila oksijeni una kama dakika 3 hadi 5 za akili inayofanya kazi, basi. Ndege ya shirika la Helios iliyoanguka kule Ugiriki 2005 ilikosa presha ya hewa ndani, marubani wakazimika, watu 121 wakafa. Na usiku macho yanaanza kupungua nguvu hata futi 5,000, yaani anayeruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson pale Nairobi yuko juu ya hapo kabla hata hajapaa.

Kuhema kupita kiasi ni kinyume chake, oksijeni ipo ila umetoa kabondayoksaidi nyingi mno kwa woga, sanasana solo ya kwanza, yaani siku unarusha ndege peke yako bila mwalimu. Vidole vinachomachoma kama sindano, misuli inakaza, na hapa unajua kabisa haupo sawa.

Sa ufanyeje? Juu ya futi 10,000 usijifanye daktari, vaa oksijeni kwanza afu shuka. Chini ya hapo punguza kasi ya kupumua, soma cheklisti (ile orodha ya hatua za rubani) kwa sauti, huwezi kuongea na kuhemahema kwa pamoja.