Habu na eksel za nyuma za Datsun 240Z: ununue ipi kwanza

Haya wazee wa Datsun Z, kila wiki naulizwa hapa Tanga eti eksel ya nyuma ya 240Z (kile kishina kifupi kinachobeba gurudumu) niweke ya gari gani, basi naipanga kwa nilivyoona mimi chini ya gari, sio kwa maneno ya muuzaji.

Namba moja ni ya 280Z, toleo la baadaye la gari hiihii, hasa za 1977 na 1978. Ya 240Z ina meno 25 (mikato ya kwenye shina inayoshika flanji), hii ina 27 na ni nene zaidi, na inaingia kwenye nyumba ileile ya beringi bila kuchonga kitu. Ila chukua na flanji yake (sahani inayounganisha eksel na shafti ya kutoka difu) hapohapo, usikubali "flanji ntakutumia kesho", maana flanji ya meno 25 haiingii kwenye meno 27 hata uipigie nyundo mpaka magharibi. Mimi nililetewa eksel mbili safi kabisa na flanji moja tu, gari ikalala juu ya mawe Chumbageni miezi mitatu huku upepo wa bahari unakula disk za mbele.

Halafu kuna kibomba kinachokaa kati ya beringi mbili, hapa ndo mafundi wengi wanachemka. Kina herufi A, B au C, na nyumba ya beringi nayo imepigwa herufi, lazima zifanane. Vibomba vya A na C ukiviweka mezani utasema ni mapacha, lakini urefu unatofautiana kidogo, ukikosea beringi inabanwa inaanza kuimba kabla hujafika Pongwe. Kwahiyo unachukua eksel za 280Z, kibomba unarudisha chako.

Namba mbili ni orijino ya 240Z ya mtumba, kama injini hujaigusa inakutosha sana, gari hii hii ndo ilishinda mbio za Safari Rally 1971 na 1973 jamani. Unaponunua vaa flanji kwenye eksel uizungushe kwa mkono, ikicheza meno yamekwisha, rudisha. Angalia na uzi wa nati, kutu ya pwani inaanzia hapo.

Tatu, mpya za kutoka Marekani za chuma kigumu. Nzuri, lakini kama huna turbo unalipia sifa tu.

Ya mwisho kabisa, kuchongesha mtaani. Fundi atakwambia "inaingia hii bosi", na kweli itaingia, shida chuma chenyewe hakijapikwa, meno yanajipinda.

Breki za mbele je? Kalipa (zinazobana disk) za Hilux 4x4 ya mwanzoni mwa miaka ya 80, zile za pistoni nne zenye maandishi S12+8 kwenye chuma, zinafunga kwenye 240Z, unakata kidogo bati la vumbi basi. Habu ya Hilux iache hukohuko, ina stadi (bolti za gurudumu) sita, yako ina nne kwenye duara la milimita 114.3.