TAHADHARI: Mafundi feki wa vizima moto wanapita kwenye biashara zetu Texas

Ndugu zangu wenye migahawa, saluni, maduka na vituo vya kulea watoto hapa Texas, someni hili mpaka mwisho na muwatumie wengine. Kuna jamaa anazunguka kwenye biashara ndogondogo, fulana ina nembo ya moto, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Anadai katumwa na zimamoto, eti mitungi yenu ya kuzimia moto imepitwa na muda, na msipolipa papo hapo mtafungiwa. Anataka taslimu.

Jirani yangu wa mgahawa alilipa. Jamaa alifuta vumbi kwenye mitungi, akafunga lebo mpya, akaandika kwenye risiti kwamba ameifungua, ameikagua ndani na kuijaza upya ule unga wa kuzimia moto. Mitungi yenyewe haikushuka hata ukutani! Naandika kwa hasira, kwa sababu siku mafuta yakiwaka jikoni, dada huyu na wafanyakazi wake wataukimbilia mtungi ambao hakuna anayejua kama utatoa kitu.

Mtungi wa unga ukifunguliwa kweli, presha hutolewa kwanza, valvu inatolewa, ndani panakaguliwa, kisha fundi anavisha pete shingoni kabla ya kuirudisha valvu. Pete hiyo ina mwezi na mwaka wa kazi, na haipiti shingoni mpaka valvu itoke. Kwa hiyo mtu akisema amefungua, angalia shingo. Kwa jirani yangu pete ilikuwa ya miaka iliyopita. Mtungi wa kawaida wa unga hufanyiwa matengenezo kila mwaka, hufunguliwa kukaguliwa ndani kila miaka 6, na hupimwa kwa presha ya maji kila miaka 12. Anayetaka kukulipisha kujaza upya kila anapopita, wakati mtungi haujatumika na mshale wa geji uko kwenye kijani, akueleze kwanza sababu.

Sheria iko upande wetu. Sura ya 6001 ya Insurance Code (sheria za bima) ya Texas inataka kampuni inayohudumia vizima moto iwe na cheti, na fundi mwenyewe awe na leseni, vyote kutoka State Fire Marshal, ofisi ya zimamoto ya jimbo iliyo chini ya Texas Department of Insurance, yaani idara ya bima. Usajili wa biashara tu hautoshi. Mwambie akuonyeshe leseni, kisha itafute namba yake kwenye tovuti ya idara hiyo akiwa bado amesimama hapo. Fundi halali hatakasirika. Na mkaguzi wa serikali hauzi mitungi wala hachukui pesa ya kuijaza.

Wenye majiko ya biashara, kuweni wakali zaidi. Ule mfumo wa kuzima moto juu ya majiko unahudumiwa kila miezi 6, na leseni zina madaraja: aliyeruhusiwa mitungi ya mkono tu hana ruhusa ya kuugusa.

Walio California na Florida, huko nako kuna leseni za jimbo, ulizeni vilevile.

Kama ameshapita kwako, usiivue lebo aliyoacha. Ipige picha mbele na nyuma, tunza risiti, peleka malalamiko State Fire Marshal, na itisha fundi mwenye leseni kabla hujawasha majiko kesho.