Cheni inalia, nipake nini? Mafuta ya cheni ya baiskeli kwa Uganda, kuanzia ya kununua mpaka ya kukimbia

Kiangazi kikishika, kila senta utasikia baiskeli inakuja kabla hujaiona, nywii nywii nywii, na ushauri wa jirani ni ule ule, pitia geraji wakupe oili chafu ya bure umwagie hapo, mambo yameisha. Mi napinga. Nimepanga hapa vitu tunavyoweza kupata kweli, kuanzia maduka ya spea ya Kampala mpaka kiduka cha kijijini kinachouza mishumaa na chumvi, na nawaza hasa mwenye baiskeli ya kazi, ile ya chuma ya gea moja inayobeba matoke, jerikeni au abiria kule Busia na Tororo. Wenye mtumba za gea nyingi nao wamo, ntawataja njiani.

Kwanza tuelewane cheni inakufaje. Haisagiki pale nje unapopaona, inasagika ndani, pale pini inapozunguka kwenye pingili. Kwa hiyo mafuta ya maana ni yale yanayopenya mpaka kwenye pini yakabaki huko, na nje pakabaki pakavu kadiri inavyowezekana, sababu nje pakilowa tu vumbi letu jekundu la marumu linaganda hapo, linachanganyika na mafuta linakuwa msasa, na huo msasa ndo unakula cheni na meno ya gea. Vigezo vyangu basi ni viwili: inapenya? inakamata vumbi? Bei inakuja ya tatu.

Na kabla ya kutoa hata shilingi kwa mafuta pima cheni kwanza. Chukua rula ya shule ya inchi 12, weka sifuri katikati ya pini moja, soma mpaka inchi 12. Cheni mpya inchi 12 inaangukia katikati ya pini kabisa. Ikiwa pini imesogea mbele kwa kama moja ya kumi na sita ya inchi, anza kutafuta cheni mpya, ikifika moja ya nane ujue na meno ya gea yameshaliwa, hapo hakuna mafuta ya kukusaidia hata yatoke Ulaya.

Pesa ya kwanza iende kwenye kusafisha, hapa sina mjadala. Mafuta ya taa kidogo, robo ya chupa ndogo ya soda yanatosha, mswaki wa zamani, matambara ya fulana iliyochoka, na sabuni ya unga kwa fremu na rimu. Dizeli pia inafanya kazi ila inaacha utelezi, itabidi ufute zaidi. Petroli achana nayo, mvuke wake unashika moto na watu wengi wanaoshea hapo hapo karibu na sigiri. Shika cheni na tambara lenye mafuta ya taa, zungusha pedeli kinyumenyume, sugua na mswaki, badilisha tambara mpaka likitoka lisiwe jeusi sana, halafu iache ikauke vizuri. Usipake kitu juu ya cheni bado ina mafuta ya taa ndani maana yatayeyusha kile unachopaka. (Baiskeli za kubreki kwa pedali kinyumenyume hazizunguki hivyo, inua gurudumu la nyuma uzungushe mbele.) Na tafadhali usiipeleke kuoshwa na ile mashine ya presha ya magari, inasukuma maji ndani ya habu (kile kitovu cha gurudumu) na kwenye beringi za pedeli, grisi inatoka, kutu inaingia.

Sasa mpangilio.

Namba moja ni mafuta yaliyotengenezwa kwa cheni ya baiskeli, kile kichupa chenye mdomo mwembamba. Yanapatikana zaidi Kampala, kwa wanaouza baiskeli za michezo. Watu wanashtuka na bei lakini tupige hesabu, cheni ina pingili kama 110, kila pingili tone moja, matone 20 ni kama mililita moja, kwa hiyo ukipaka mara moja unatumia mililita tano na kidogo. Chupa ya mililita 120 inakupa kama mara 20. Gawanya bei kwa 20 ndo uamue kama ni ghali. Angalia lebo, yakiandikwa dry ni ya kiangazi, hayakamati vumbi sana ila mvua ikinyesha yanaoshwa, yakiandikwa wet ni mazito ya kuvumilia maji. Hapa kwetu mvua kubwa ni Machi mpaka Mei na tena kuanzia Septemba, sasa ukiwa na uwezo wa chupa moja tu na baiskeli inalala nje chukua wet, ila ufute nje kwa bidii. Mwenye gea nyingi, hii namba moja ndo yako, usibane pesa, cheni yako ni nyembamba na spea zake si rahisi kupata.

Namba mbili, na kwa baiskeli ya kazi mi naiona ndo chaguo la wengi, ni oili MPYA ya injini. Hizi zenye namba ya uzito SAE 40 au 20W-50 kwenye kopo, za kila kituo cha mafuta. Ni nzito kidogo, inavumilia mvua, na ukishirikiana na wenzako watatu wanne wa steji mkanunua kopo dogo mtakaa nalo muda mrefu sana. Shida yake inakamata vumbi kuliko namba moja, na dawa yake ni kipimo. Nenda duka la dawa ununue siringi ya mililita tano, kitu cha bei ndogo kabisa, toa sindano, vuta oili ijae, ujazo mmoja ndo cheni nzima. Tone kwenye kila kirola (kile kipande cha mviringo kinachozunguka kwenye pini) upande wa ndani wa cheni, zungusha pedeli taratibu dakika kadhaa ili ipenye, halafu chukua tambara kavu ufute nje mpaka ukigusa kwa kidole kidole kibaki na alama hafifu tu. Watu hawapendi kufuta, wanaona wanatupa mafuta, kumbe uliyofuta hayakuwa na kazi yoyote pale zaidi ya kuita vumbi.

Ila kwenye kununua oili fungua macho. Ile inayopimwa kwenye chupa ya maji bila lebo unaweza kuuziwa iliyotumika imechujwa. Inua juani, oili mpya ina rangi ya asali na unaona mwanga upande wa pili, ikiwa nyeusi au ina moshi moshi rudisha. Kopo liwe na sili haijaguswa, na tafuta ile alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Tatu, mafuta ya cherehani. Mepesi, yanapenya kuliko yote, vumbi halishiki sana, na kichupa unakipata hata kwa fundi cherehani. Lakini hayakai. Mvua moja tu kilio kinarudi. Kwa mtu wa safari fupi za kanisani, msikitini na sokoni yako sawa, kwa mbeba matoke hapana.

Nne ni nta ya mshumaa, na hapa najua wengine mtacheka. Kwenye vumbi nta ni kiboko maana ikiganda ni kavu, hakuna cha kushikwa. Kazi yake sasa: cheni uitoe, uioshe isibaki na oili hata chembe, nta uiyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto (kamwe sio juu ya moto moja kwa moja, inawaka), uizamishe, uitikise, uitundike ipoe. Na mvua ikija unaanza upya kwa sababu kutu inaingia haraka. Mwenye muda na kiangazi kirefu ajaribu, mi nimeiweka nne kwa ajili ya usumbufu.

Tano, WD-40, ile dawa ya kupulizia ya kopo la kawaida. Sio mbaya, inatumika vibaya. Herufi zenyewe zinatoka kwa Kiingereza cha kufukuza maji, na ndo kazi yake, kutoa maji, kulegeza kutu na uchafu. Mafuta inayoacha ni kidogo mno. Pulizia baada ya kunyeshewa, futa, halafu weka oili. Ukiishia hapo umesafisha cheni ukaiacha uchi.

Sita, grisi. Ya kwenye beringi na habu, huko ni mfalme. Kwenye cheni inakaa nje tu haipenyi, wiki moja barabara ya marumu unakuta udongo mweusi umejaa kati ya meno.

Saba, hiyo oili chafu ya bure. Ina vyembe vya chuma na masizi ya injini, yaani unapaka kile kitu injini imekataa. Na zaidi, ni sumu kwa ngozi, ikikaa sana kwenye ngozi kwa miaka inahusishwa na kansa, sasa we unaishika kwa mikono halafu unakula chapati.

Mwisho kabisa mafuta ya kupikia. Siku mbili yanateleza, yakipigwa na hewa yanakuwa gundi, pingili zinakakamaa na kuyatoa ni shughuli ya mafuta ya taa nusu siku. Bora cheni ilie.

Wakati wa kurudisha cheni yenye klipu, mdomo wazi wa klipu uangalie nyuma ukiwa upande wa juu wa cheni, ukiugeuza mbele itachomoka na mzigo. Na futa rimu na zile raba za breki kabla ya kupanda, tone moja la oili hapo ukishuka kilima cha Kabale hutasimama.