Sanaa ya kale: uanzie Kolo au simuni?

Kama uko Dodoma na unataka kusoma historia ya sanaa, mi nakwambia anza na Kolo kule Kondoa, ni barabara hiihii ya Arusha, unapanda mlima na mwongozaji unakuta watu wembamba warefuu wamechorwa kwa rangi nyekundu mwambani, kuna na michoro myeupe ya baadae, UNESCO wameiweka urithi wa dunia tangu 2006 na wenyeji bado wanatambikia pale aisee!

Simuni unapata Lascaux, pango la michoro ya kale kule Ufaransa, sawa, pango lenyewe lilifungwa kwa watalii 1963 so hata ukienda utaona nakala. Ila zama za kati Kolo haikufikishi, mozaiki (picha za vijiwe) za Ravenna kule Italia na vioo vya rangi vya kanisa la Chartres kule Ufaransa hapo nunua bando tu.