Peristeen: kifaa cha kusafisha utumbo kwa asiyeweza kuzuia choo

Peristeen ya kampuni ya Coloplast ya Denmark haikazi misuli ya kuzuia choo. Inausafisha utumbo kwa maji saa unayoipanga mwenyewe, ili ukiwa kazini au darasani kusiwe na kinyesi cha kukuponyoka. Katika utafiti wa Ulaya uliotoka 2006, watu 87 walioumia uti wa mgongo walishiriki, na waliokitumia kifaa hiki walipata nafuu ya kuvuja na ya kufunga choo kuliko waliofuata utunzaji wa kawaida.

Kuna mfuko wa maji, kidhibiti chenye pampu ya mkono, mirija, na katheta, yaani mrija laini wa kuingizwa njia ya haja kubwa, yenye puto. Jaza maji safi ya kunywa, vuguvugu, nyuzi 36 hadi 38. Lowesha katheta, subiri sekunde 30 iteleze, ndipo uiingize njia ya haja kubwa ukiwa umekaa chooni. Jaza puto kwa kipimo alichokupa muuguzi, kisha pampu maji polepole. Watu wazima wengi hutumia mililita 500 hadi 700. Toa upepo kwenye puto, katheta itoke, uache maji yashuke. Tenga nusu saa au zaidi, kila siku au siku moja baada ya nyingine.

Puto likichomoka, kwa kawaida maji yalikuwa ya baridi, ulipampu kwa haraka, au kinyesi kigumu kimejaa karibu na njia ya haja kubwa. Maji yasiporudi, huenda umefunga choo au mwili una kiu. Ukivuja baadaye, ulinyanyuka mapema. Wengi huacha wiki za mwanzo, na inasikitisha, maana kiasi cha maji hurekebishwa taratibu hadi kikufae.

Udhaifu mkubwa ni gharama: katheta hutumika mara moja tu, mfuko mara 15, kidhibiti mara 90. Nyumba yenye choo cha kuchuchumaa itahitaji kiti chenye tundu.

Usikiguse kama utumbo umekuwa mwembamba, una saratani au uvimbe mkali, au ulipasuliwa ndani ya miezi 3. Utumbo kutoboka hutokea kwa nadra sana, lakini maumivu makali au damu nyingi ni safari ya hospitali papo hapo. Mara ya kwanza lazima muuguzi awepo.

Anayevuja choo chepesi pekee, akishapimwa chanzo chake, aanze na isabgoli (unga wa nyuzinyuzi) na loperamidi (dawa ya kuzuia kuhara) kabla ya kununua kifaa hiki.