Winchester 1894 ya vipande viwili: mwili mmoja, mitutu miwili

Kazi yangu ni kukereza vyuma. Ndiyo maana siku nilipokabidhiwa bunduki hii sikuanza kwa kulenga. Nilichomoa mtutu nikatazama nyuzi zake. Hazizunguki mtutu wote. Pana eneo lenye nyuzi, pana eneo lililokatwa likabaki laini, kisha nyuzi tena, na ndani ya mwili wa bunduki ni vivyo hivyo. Nyuzi za mtutu zikipita kwenye njia laini za mwili, mtutu unazama wote bila kuzungushwa. Ukishazama, unazungusha robo tu na nyuzi zinaumana. Vifunga vya nyuma vya mizinga mikubwa hutumia wazo hilohilo. Kuliona limeingizwa kwenye bunduki ya kuwindia, kwa usahihi ule, kulinifanya niikalie mezani jioni nzima.

John Moses Browning ndiye aliyeibuni, na Winchester wakaitengeneza New Haven, Connecticut. Mwaka 1894 ilitoka kwa aina mbili za risasi za baruti nyeusi, .32-40 na .38-55. Mwaka 1895 zikafuata .25-35 na .30-30, za baruti isiyo na moshi, na mitutu yake ilihitaji chuma chenye nikeli ili kustahimili shinikizo jipya. Hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2006, zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 7. Zinazotengana vipande viwili ni chache sana kati ya hizo, kwa sababu zilikuwa za kuagiza maalumu.

Yangu ilikuja na mtutu wa .30-30. Miaka miwili baadaye nikapata wa .38-55, na tathmini hii inahusu hasa maisha ya mitutu hiyo miwili kwenye mwili mmoja.

Kuitenganisha ni kazi ya dakika moja. Kwanza hakikisha haina risasi, si kwenye chemba tu, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa ikisubiri kupigwa, bali hata ndani ya bomba la magazini, lililo chini ya mtutu na linalobeba risasi za akiba. Shusha wenzo wa kukoki mpaka mwisho ili bolti, chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, irudi nyuma na kucha inayovuta maganda iachane na mtutu. Hatua hii usiiruke, kwa sababu ukizungusha mtutu bolti ikiwa imefungwa unaumiza kucha hiyo. Kwenye ncha ya bomba la magazini kuna kishikio kidogo kinachokunjuka; kizungushe, bomba lifunguke, ulivute mbele kidogo mpaka litoke kwenye mwili. Sasa zungusha mtutu robo, uvute. Mtutu, bomba na ubao wa mbele vinatoka pamoja.

Hapo ndipo gharama inapojificha. Mtutu wa pili unataka bomba lake na ubao wake wa mbele. Nimewaona watu wakinunua mtutu mtupu kwa furaha, kisha wakatafuta vile viwili vingine kwa muda mrefu kuliko walivyoutafuta mtutu wenyewe.

Kinachowezesha kubadili kipenyo ni undugu wa risasi zenyewe. Ganda la .30-30 lilitokana na la .38-55 kwa kubanwa shingo. Kitako cha ganda ni kilekile na ukingo wake ni uleule, kwa hiyo bolti na kucha vinashika zote mbili bila kubadilishwa chochote. Lakini undugu huo una hatari yake. Risasi ya .30-30 inaweza kuingia kwenye chemba ya .38-55 na bolti ikafunga kama kawaida. Kichwa chake, ile sehemu inayoruka, ni cha milimita 7.8, nacho kitapita kwenye mtutu wa milimita 9.6 bila kushika mifereji ya ndani inayokizungusha, na shingo ya ganda itafumuka kwa sababu haina ukuta wa kuiegemea. Kipenyo kimechapwa juu ya mtutu, si kwenye mwili, na mimi hukisoma kwa sauti kila ninapofunga mtutu. Risasi za aina moja tu ndizo zinazokaa mezani, nyingine zinabaki zimefungiwa.

Nije kwenye mtutu wa pili. Ulitoka kwenye 1894 nyingine, na nilipouingiza na kuuzungusha, ulikwama kabla ya kusimama wima. Kilengeo cha mbele kikaelemea upande. Mashine ya kukereza ninayo, na kilichohitajika kuondolewa kilikuwa chembamba kuliko karatasi. Sikuugusa. Kwa risasi zenye ukingo kama hizi, ukingo ndio unaozuia risasi isizame kwenye chemba, na unene wake ni kama milimita 1.6 tu. Nafasi kati ya uso wa bolti na mahali ukingo unapokaa ikizidi kidogo, ganda linavutika baruti inapolipuka na linaweza kukatika karibu na kitako, gesi ikarudi kuelekea usoni. Nimezoea kupima chuma, lakini sijazoea kupima shinikizo la namna hiyo. Nilimpelekea fundi wa bunduki mtutu huo pamoja na mwili wa bunduki yangu. Alisawazisha bega la mtutu, akajaribu geji ya kupita, kipimo cha nafasi ndogo inayokubalika, bolti ikafunga. Akaweka geji ya kutopita, kipimo cha nafasi iliyozidi, bolti ikakataa kufunga. Ndipo nikaamini kwamba mtutu ule ni wa bunduki hii. Anayekuuzia mtutu kwa maneno kwamba "unaingia tu" hajakuambia lolote kuhusu nafasi hiyo.

Mtutu wa awali nao ulikuwa na tatizo lake. Ulicheza. Ukishika ubao wa mbele kwa mkono mmoja na kitako cha bunduki kwa mwingine, ulisikia mgongano mdogo wa chuma. Kwa mita 100 risasi tano zilitawanyika sentimita 15 kwenda juu na chini. Uzuri ni kwamba Winchester walifikiria kuchakaa tangu mwanzo: mahali mtutu unapokutana na mwili kuna skrubu ndogo za kurekebisha mbano. Fundi alizikaza kidogo kidogo, na sasa robo ile ya mwisho inataka nguvu ya viganja. Baada ya hapo niliuchomoa na kuurudisha mara kumi, kila mara nikipiga risasi tatu. Kituo cha matundu hakikuhama zaidi ya sentimita 3. Kwa chuma cha umri huu, nasema kwa moyo wote, hiyo ni kazi ya kuheshimiwa.

.38-55 ilinichosha zaidi, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Jina lake lina maana ya gramu 3.6 hivi za baruti nyeusi, yaani nafaka 55 (kipimo cha uzito). Inasukuma kichwa cha gramu 16.5 kwa kasi ya kama mita 400 kwa sekunde, wakati .30-30 inasukuma cha gramu 11 kwa karibu mita 670. Mwanzoni matundu yangu yalikuwa marefu kama tundu la ufunguo, ishara kwamba vichwa vilifika vikiwa vimelala ubavu. Mitutu ya zamani ya .38-55 haikuwa na kipenyo kimoja. Nilisukuma kipande laini cha madini ya risasi kupitia mtutu nikakipima kwa maikromita: milimita 9.63. Vichwa nilivyokuwa navyo vilikuwa 9.58, vikiteleza badala ya kushika mifereji. Nilipopata vya kumimina vya 9.65, nikahakikisha kwanza kwamba risasi iliyokamilika inaingia chemba bila kulazimishwa, kundi la matundu likashuka hadi sentimita 8. Yeyote mwenye mtutu huu aupime kabla ya kulaumu macho yake.

Vichwa vyote, vya mtutu wowote, viwe na pua bapa. Ndani ya bomba kila kichwa kinagusa fataki, yaani kiwashio cha baruti, ya risasi iliyo mbele yake, na pua kali inaweza kuilipua. Na urefu wa risasi nzima usizidi kama milimita 64.8, la sivyo inakwama kwenye kinyanyuzi, kipande kinachoipandisha kutoka bomba hadi chemba, katikati ya kukoki.

Vilengeo ni jambo ambalo sikulifikiria nilipoanza. Vya kiwandani vyote viwili viko kwenye mtutu, kwa hiyo kila mtutu unasafiri na shabaha yake. Mimi nilikuwa nimefunga kilengeo cha tundu nyuma ya nyundo, kwenye mwili. Kikawa sahihi kwa .30-30 na kibovu kabisa kwa .38-55. Sasa nimeandika namba mbili za kukirekebisha ndani ya kifuniko cha sanduku, moja kwa kila mtutu.

Je, naipendekeza? Kwa mtu anayetaka bunduki mbili kwa bei ya moja, hapana: mtutu, bomba, ubao, fundi na vichwa vya kipimo chake vitamfikisha kwenye gharama ya bunduki ya pili. Savage 99 ya kutenganishwa, bunduki nyingine ya wenzo, ni rahisi kidogo kwa kuwa magazini yake ya kuzunguka iko ndani ya mwili, hakuna bomba la kubeba. Kwa anayependa kuona kazi ya chuma ikishikana, naipendekeza bila kusita. Ila kwanza aulize sheria ya kwake kuhusu mtutu wa ziada, kwa sababu penye leseni inayotaja kipenyo, mtutu wa pili unaweza kuhitaji kibali chake.

Mtutu usiotumika naufunika nyuzi zake kwa kofia ya ngozi yenye mafuta mepesi. Kona za nyuzi zile zilizokatwa ni nyembamba, na zikigonga pembe ya meza mara moja tu, ile robo ya mwisho inaanza kukwaruza.